LDL 5.2 si ya kuacha nazi tu

Dada uloandika mamaako kapimwa LDL, ile kolesteroli mbaya kwenye damu, ikatoka 5.2 (mmol kwa lita) na yule mwanafunzi wa udaktari akakwambieni aache nazi na samli basi itashuka, kijana hajakosea ila kaishia nusu ya njia. Mie simlaumu, hata sie tulivokuwa tunasoma hii mada tulipitishwa mbio mbio, ukituuliza LDL ndo kolesteroli mbaya HDL ndo nzuri tunajibu kama kasida, lakini tupe karatasi ya maabara useme haya anza dawa, ipi na kiasi gani, kimya.

Ilivo ni hivi, LDL ikifika 4.9 kwenda juu kwa kawaida mtu hupewa statini, dawa ya kushusha kolesteroli, haingojwi kupigwa hesabu ya hatari yake ya kupata maradhi ya moyo. Ila kabla yake wampime tezi ya shingo, sukari, ini na protini kwenye mkojo, maana tezi ikilegea, haifanyi kazi vya kutosha, kolesteroli hupanda na hapo unatibu tezi kwanza. Tena mtizame nyuma ya kisigino, ule ukano mnene unaoshika kisigino (si mshipa wa damu) ukiwa umevimba una vinundu, au kwenu kuna mtu kapata mshtuko wa moyo bado kijana, huenda ni kolesteroli ya kurithi na nyie wanawe mpimwe pia. Niliwahi kumuona bibi mmoja Wete, Pemba, ana vinundu hivo, miaka yote anadhani viatu ndo vinambana 😅

Akianza dawa kipimo kirudiwe baada ya wiki 6 mpaka 12, na wengi hawana haja ya kulala na njaa ndo wapimwe. Nazi apunguze tu, samaki wa kupaka msimnyime kabisa.