Kupendwa bure ni kupendwaje?

*Swali: Mimi ni mwanakwaya hapa Morogoro. Tumetunga wimbo wenye kiitikio "Yesu kanipenda bure". Mzee mmoja wa kanisa ametuzuia kuuimba. Anasema bure ni kitu kisicho na maana, kama mtu anavyosema "nimepoteza muda bure", kwa hiyo tunamvunjia Mungu heshima. Anataka tuimbe "upendo usio na masharti". Nani yuko sahihi? Na je, tuseme upendo, pendo au mapenzi?*

Kiitikio chenu ni Kiswahili safi, na imani iliyomo ndani yake ni safi vilevile. Lakini mzee wenu msimwone mkorofi. Anayo Biblia upande wake: "Usilitaje bure jina la BWANA, Mungu wako" (Kutoka 20:7). Hapo bure ni ovyo, bila maana. Mtaani nako tunasema "yule mtu bure kabisa", na hakuna anayetaka sifa hiyo ikaribie jina la Yesu.

Kosa lake ni kulifunga neno katika maana moja. Bure ina matawi matatu. Kuna bure ya bila malipo: chanjo hutolewa bure. Kuna bure ya bila faida, ile ya mzee: tumesubiri basi bure. Na kuna bure ya bila sababu, ambayo kamusi nyingine huipita haraka ingawa vinywani mwetu haikauki: "ananionea bure", "mtoto analia bure", "wananichukia bure". Anayesema "wananichukia bure" analalamika kwamba amejichunguza na haoni alichowafanyia. Vijana nao siku hizi wakimwona mtu akawagusa moyo husema "nampenda bure huyu dada". Mzee akisikia hivyo hudhani ni lugha ya mitandaoni tu, kumbe ni lilelile tawi la tatu: nampenda, na ukiniuliza sababu sina.

Sasa tazama Biblia ya Muungano ya 1952, ambayo bila shaka ndiyo iliyo mkononi mwa mzee wenu. Warumi 3:24 inasema watu "wanahesabiwa haki bure kwa neema yake". Wagalatia 2:21 inasema kama haki hupatikana kwa sheria, "basi Kristo alikufa bure". Yohana 15:25, Yesu mwenyewe anasema, "Walinichukia bure." Bila malipo, bila faida, bila sababu: matawi yote matatu, neno moja. Na watafsiri hawakuishiwa maneno. Katika Kigiriki, mistari yote mitatu ina neno lilelile, *dorean*, lililotokana na neno la zawadi. Lugha nyingi hulazimika kulivunja neno hilo vipande, hapa zitumie neno hili, pale lile. Kiswahili kimelibeba zima. Mimi kila nikiikuta mistari hiyo mitatu huisoma tena polepole. Walimchukia bure, naye akawapenda bure, na kwa wanaoamini, kufa kwake hakukuwa bure.

Kuna na mahali pa zamani zaidi. Katika Ayubu 1:9 Shetani anamwuliza Mungu, "Je! Huyo Ayubu yuamcha Bwana bure?" Kwa maneno mengine: mali, watoto na ulinzi vikiondoka, atabaki? Kiebrania hapo kina *hinnam*, neno lililozaliwa na *hen*, yaani neema au kibali. Swali la kitabu kizima limening'inizwa kwenye neno moja ambalo mzee wenu analiona jepesi. Shetani haamini kwamba kuna yeyote awezaye kumfuata mwenzake bure.

Kuhusu "upendo usio na masharti", sina ugomvi nao. Sarufi yake ni sawa na maana yake inaeleweka. Ila sikiliza neno masharti linaishi wapi: masharti ya mkopo, masharti ya dhamana, masharti ya upangaji, masharti ya mganga. Ni neno la mkataba, na ukisema "usio na masharti" umeeleza upendo kwa kutaja kilichopungua ndani yake. Ni sawa na kumsifia mama kwamba hakudai nauli alipokubeba mgongoni. Kweli hakudai, lakini hilo ndilo la kumsifia?

Sharti kwa Kiswahili pia ni lazima. *Mtaka cha mvunguni sharti ainame.* Ndivyo dunia inavyokwenda, na ndivyo mwana mpotevu wa Luka 15 alivyodhani. Alipokuwa bado kwenye nguruwe alijitungia sharti lake mwenyewe: "nifanye kama mmoja wa watumishi wako" (mstari wa 19). Aliliandaa njia nzima. Lakini soma mstari wa 21, anapofika: anasema amekosa, anasema hastahili kuitwa mwana, na hapo baba anaingilia kwa kuagiza vazi. Lile sharti halikupata nafasi ya kutamkwa. Tena baba alishamwona "alipokuwa angali mbali", akaenda mbio, akamwangukia shingoni. Aliyeinama ni mwenye nyumba.

Neno hilo "angali" linastahili kuangaliwa, maana wasomaji wengi wa sasa hulipita. Ni njia ya zamani ya kusema "bado yuko", na Paulo katika Warumi 5:8 amepewa lilelile: Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi". Msilichanganye na -ngali- ya "tungalijua", ambayo huhusu jambo lisilotokea. Hapa ni jambo lililokuwapo: tulikuwa bado vilevile. Mtafsiri angeweka -ki- ya masharti hapo, imani yote ingegeuka. "Tukiacha dhambi, Kristo atatufia" ni sentensi sahihi kabisa ya Kiswahili, lakini si Injili.

Mzee anaweza kuwajibu kwa Yohana 15:10, "Mkizishika amri zangu, mtakaa katika pendo langu", na kusema -ki- hiyo hapo. Ipo kweli. Lakini kitenzi inachokiongoza ni "mtakaa". Mstari wa 9 umeshatangulia: "nami nilivyowapenda ninyi", -li-, wakati uliopita, jambo limeshafanyika. Mtu haambiwi akae mahali ambapo hajaingizwa. Amri zipo na ni nzito, ila zinakuja nyuma ya upendo. Hazikuununua.

Kuhusu upendo, pendo na mapenzi, nitajibu kwa ufupi. Upendo na pendo vyote vimo katika Biblia hiyo, hata ndani ya sura moja: 1 Yohana 4:8 ina "Mungu ni upendo", na mstari wa 10 una "Hili ndilo pendo, si kwamba sisi tulimpenda Mungu, bali kwamba yeye alitupenda sisi". Chagueni linaloingia kwenye mahadhi, ila upatanisho wa kisarufi ufuate: upendo *usio* na, pendo *lisilo* na. "Pendo usio na masharti", ambalo hulisikia hata kwenye mimbari, ni kosa. Mapenzi liacheni kwa maana hii. "Mapenzi ya Mungu" masikioni mwa Mkristo ni matakwa yake, kama katika "Mapenzi yako yatimizwe".

Jambo moja la kuwalinda mnapoandika beti. Bure ikae baada ya kitenzi: "kanipenda bure", "alinichagua bure". Hapo haina hatari. Mkiiweka nyuma ya nomino, mzee atakuwa na haki ya kulalamika: "upendo bure" ni kama "mtu bure", na "upendo wa bure" unaweza kusikika kama bidhaa ya kugawa ili duka lijulikane. Mkitaka nomino, chukueni ya nabii Hosea. Katika 14:4 Mungu anasema, "nitawapenda kwa ukunjufu wa moyo". Ukunjufu umetoka kwenye kukunjua, kama mtu anavyokunjua mkeka mgeni akiwa bado yuko uani. Beti ya pili ikianza na ukunjufu na kiitikio kikarudi kwenye bure, nadhani hata mzee ataimba.