Funga nyaya za kuhisi volti kama vile ndizo zinazobeba mzigo

Benchi langu liko Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, na kazi nyingi zinazonijia zimetoka ziwani: redio za boti, chaja za sola, na zaidi taa za LED za wavuvi wa dagaa. Ukizijaribu kwa pawa saplai ya mezani, skrini inaandika volti 12 lakini taa inafifia. Volti zinaliwa na waya. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba, mita 2 kwenda na mita 2 kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.07. Taa zikivuta ampea 6, volti 0.4 zinaishia njiani.

Ndiyo maana saplai nyingine zina matundu mawili ya ziada, S+ na S−. Nyaya zake, ndizo za kuhisi, hazibebi mzigo. Zinapima volti iliyofika kwenye taa, saplai inaongeza kile kilichopungua.

Mwaka jana nilibana waya wa S+ kwenye terminali yenye shombo la dagaa. Kibanio kikateleza. Saplai ikaona volti hakuna, ikazidi kupandisha, na mimi nimeinama natafuta bisibisi. Taa zikawaka kwa weupe wa kuumiza macho, kisha giza, na harufu ya bodi iliyoungua. Taa nilimlipa mvuvi mwenye nazo. Usiku ule wa mbalamwezi kuzama, ambao ndio wa kupata dagaa, sikuweza kumlipa.

Saplai nyingi zina kinga ndani kwa waya wa kuhisi ukichomoka. Yangu haikuwa nayo, na yako usiiamini mpaka usome kitabu chake.

Siku hizi nasafisha terminali kwa spiriti, halafu nafunga kwa skrubu au nachomea risasi, vibanio nimeviacha. Saplai ikiwa imezimwa, natoa vibati vinavyounganisha S na matundu makubwa, nafunga kwanza nyaya nene za mzigo, ndipo zile nyembamba: S+ kwenye chanya ya taa, S− kwenye hasi. Hizo mbili nazisokota pamoja zisidake kelele za umeme. Waya mnene ukilegea wakati nyembamba zimeshika, mkondo wote utatafuta njia humo humo, kwa hiyo vuta kila waya kwa mkono kabla ya kuwasha. Swichi usiweke kati ya saplai na taa.

Kisha kinga ya volti kupita kiasi. Kwa taa za volti 12 naiweka 13.5, maana kwenye matundu ya saplai volti inapanda kufidia waya. Kikomo cha ampea nakiweka juu kidogo tu ya zile taa zinazovuta. Siku ile nilikiacha mwisho kabisa.

Ukiwasha, pima kwa multimita pande zote mbili. Kwenye taa usome 12, kwenye saplai 12.4. Kwenye saplai ukisoma 12 na kwenye taa 11.6 ilhali taa zinavuta, nyaya za kuhisi hazifanyi kazi: zima.

Ukimaliza, rudisha vibati vyote viwili mahali pake kabla saplai haijaguswa na mtu mwingine.