Jibu: Niulizie kunyonyesha kliniki mapema hivi?

Dada, umeuliza kama kwa mimba ya kwanza ya miezi saba ni mapema kuulizia kunyonyesha. Si mapema hata kidogo! Ukishajifungua, uchovu juu, kila shangazi na lake, hutasikia kitu. Mwombe nesi akuonyeshe kwa mdoli namna ya kumpakata: mtoto apanue mdomo, ashike sehemu kubwa ya weusi wa ziwa, si chuchu tu. Yale maziwa ya njano ya mwanzo usiyamwage, yana kinga. Maji na uji vingoje miezi sita itimie. Kama umeajiriwa, sheria ya Tanzania inakupa likizo ya siku 84, halafu ukirudi kazini, muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Na huyo mama mkwe uliyesema anataka mtoto apewe uji akiwa na miezi mitatu, nenda naye kliniki asikie mwenyewe.