Re: Kwa nini jeshi la Marekani liliikataa Glock?

Mkuu, umeuliza kama SIG Sauer iliishinda Glock (zote kampuni za bastola) kwenye zabuni ya bastola mpya ya jeshi la Marekani kwa ubora au kwa bei. Jibu langu: bei ilibeba sana. SIG walipewa zabuni Januari 2017, mkataba wa hadi dola milioni 580, kuchukua nafasi ya bastola ya Beretta M9 iliyokuwa kazini tangu 1985. Glock walikata rufaa kwa wakaguzi wa serikali, wakagonga mwamba Juni mwaka huohuo. Ofa ya SIG ilikuwa chini yao kwa zaidi ya dola milioni 100. Hapo ushindane vipi?

Lakini wapenzi wa SIG nao wana hoja. Kwenye bastola yao ya P320, ambayo jeshini inaitwa M17 na ile fupi M18, kinachohesabika kisheria kama silaha ni mtambo mdogo wa kufyatulia wa ndani, wenye namba ya silaha. Kwa hiyo mpini unaubadilisha tu, mkubwa au mdogo, kulingana na mkono wa askari. Mwenye kiganja kidogo aliyewahi kuhangaika na M9 (ile kitu ni nene!) ataelewa.

Wenye Glock hawajanyamaza, na hapa nawaunga mkono: Agosti 2017 ilibidi SIG watangaze marekebisho ya bure kwa P320 za kiraia, baada ya kuonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka yenyewe. Bastola ya kuning'inia kiunoni!

Mimi binafsi ningechukua Glock 19. Ila hela si yangu.