Linda Mchanga Kabla ya Kuomba Bwawa

Mvua za Oktoba zikichelewa hapa mjini Wote, Makueni, hakosi mtu wa kusimama kwenye baraza la chifu na kudai bwawa kubwa. Simlaumu. Mbuzi wamekonda na mwenye mkokoteni wa maji amepandisha bei ya mtungi. Ila baada ya kukaa kwenye kamati ya tabianchi ya wadi, nimeona kwamba bwawa la aina hiyo ni pesa tusizokuwa nazo, na ghala la maji tunalo tayari mtoni. Ni mchanga.

Kama hujaishi Ukambani, mito yetu mingi hushuka kwa kishindo siku chache tu, kisha unabaki mchanga mtupu. Ukijenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto, mafuriko yenyewe ndiyo yatakayokuletea mchanga wa kujaza nyuma yake. Maji hukaa katikati ya chembe, hata robo ya ujazo wote au zaidi mchanga ukiwa wa chembe kubwa. Jua haliyafikii, mbu hawapati pa kutagia. Unachimba kisima kando na kuweka pampu ya mkono.

Basi tafuteni mwamba kabla ya kumtafuta mfadhili. Ukuta uliosimama juu ya udongo utapitiwa na maji chini kwa chini, na saruji yote itakuwa imeenda bure. Msikimbilie kulipa mtaalamu wa kupima kila mahali. Waulizeni kwanza akina mama na wachungaji ni wapi wanapofukua maji Septemba, wakati kwingine kumekauka. Hapo kuna kitu chini kinachoyazuia. Mtaalamu apelekwe hapo.

Halafu inueni macho mtazame mlima. Ukiwa mtupu, mafuriko yataleta tope badala ya mchanga, na tope halitoi maji. Kwa hiyo matuta ya fanya juu yatangulie: mtaro unachimbwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa ukikata mteremko, udongo unatupwa upande wa juu, nyasi zinapandwa kwenye tuta. Kazi hii Ukambani imefanywa kwa mwethya, kazi ya kusaidiana, miaka mingi, watu wakizunguka shamba baada ya shamba na majembe yao. Hapo mji usiweke shilingi. Pesa kidogo iliyopo ni ya saruji na nondo.

Taabu kubwa ni malori. Nairobi inajenga, na mchanga wetu ni pesa taslimu usiku huohuo. Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, jambo ninalolisifu, lakini sheria haikeshi mtoni. Anayepakia lori gizani mara nyingi ni kijana wa hapahapa aliyekosa kibarua. Kumfukuza bila kumpa kazi ni kumwambia arudi kesho saa nane za usiku. Naona heri awe wa kwanza kuandikwa kwenye ujenzi wa ukuta, na mchanga wa nyumba za wenyeji utolewe sehemu moja iliyokubaliwa, mchana, watu wakiona.

Mwaka huohuo wa 2015 kaunti iliweka kanuni za mfuko wa tabianchi, asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo, na maombi huanzia kwenye kamati za wadi. Mkiandika ombi, semeni nani atanunua vipuri vya pampu ikiharibika. Pampu hufa kwa kukosa kipande kidogo cha mpira, na hapo mradi mzima husimama. Jerikeni ikilipiwa kiasi kidogo na pesa zikashikwa na mtu ambaye si mwenyekiti, mambo huenda.

Kwa walio mjini, mbali na mto, hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita 60 za mraba, msimu wa milimita 300, ni lita 18,000, toa kidogo kinachomwagika. Anzeni na mabati ya shule, kanisa na msikiti, kwa kuwa tangi moja hapo huhudumia wengi. Gata zisafishwe Septemba, na maji ya mvua ya kwanza yamwageni chini. Hayo yamebeba vumbi na mavi ya ndege.