Angalia kinachofunguliwa, na lini

Mkuu, umeuliza kama wanasiasa wanaodai siri za ujasusi ziwekwe wazi wanawapigania wananchi kweli. Wapo. Ila mimi huangalia kwanza wanataka kipande gani kitoke, na wakati gani.

Chukua Marekani, Februari 2018. Kamati ya Ujasusi ya Baraza la Wawakilishi, iliyokuwa mikononi mwa Republican, chama cha Rais Trump, ilidai katika waraka wa kurasa 4 kwamba FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, ilipata kwa ujanja kibali cha mahakama cha kumchunguza Carter Page, aliyekuwa mshauri wa kampeni ya Trump. Trump akaruhusu utoke tarehe 2, ingawa FBI yenyewe ilishatoa tahadhari hadharani kuhusu usahihi wake. Democrats, chama pinzani, wakajibu kwa kurasa 10. Hizo Trump akazizuia kwanza, zikatoka tarehe 24 zikiwa na mistari iliyopakwa weusi. Siri ileile, mwenye ufunguo yuleyule!

Lakini usikimbilie kusema yote yalikuwa siasa tupu. Desemba 2019 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria alikuta makosa 17 makubwa kwenye maombi ya kibali hicho. Kumbe mtu anaweza kufungua faili kwa faida yake mwenyewe, na ndani mkawa na uozo kweli.