Dawa za kifafa kwenye mania: zinatuliza baada ya siku ngapi?

Mgonjwa ana mania, yaani akili imechangamka kupita kiasi: hajalala siku nne, anaongea bila kituo, pesa anazigawa. Ndugu wanauliza mbona amepewa dawa ya kifafa na bado hajatulia. Inategemea ni dawa ipi na imeanzwaje.

Valproeti ndiyo ya haraka. Daktari akiianza kwa dozi kamili, miligramu 20 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, nafuu huanza kuonekana kati ya siku ya 3 na ya 5. Mtu wa kilo 60, kwa kiwango cha chini, ni miligramu 1,200: vidonge vitatu vya 200 asubuhi, vitatu usiku. Ikipandishwa kwa kudonoadonoa, siku hizo hupita kabla kiwango cha dawa kwenye damu hakijafikia mikrogramu 50 hadi 125 kwa mililita. Watu husema dawa imegoma, kumbe haijafika. Damu ya kupima kiwango hicho itolewe asubuhi kabla ya kumeza, zikiwa zimepita saa 12 tangu dozi ya usiku. Ukimeza kwanza, namba itakudanganya. Na vidonge vyenye ganda visisagwe kwenye uji.

Kabamazepini huchukua wiki moja hadi mbili. Huanzwa miligramu 200 mara mbili kwa siku, ikapandishwa hatua kwa hatua. Ikikimbizwa, mgonjwa hupepesuka na kuona viwiliviwili. Tena hulichochea ini liivunje yenyewe, kwa hiyo wiki chache baadaye kiwango hushuka kwa dozi ileile. Hudhoofisha pia vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya ARV.

Lamotrijini, nayo dawa ya kifafa, hapa sahau. Haitulizi mania, na ukiiharakisha unakaribisha upele wa kubabua ngozi.

Kwenye siku za kusubiri, mwenye fujo haachiwi valproeti peke yake: huongezewa dawa ya kutuliza akili, haloperidoli au olanzapini, na diazepamu ya muda mfupi kwa usingizi. Andikeni kwenye daftari saa anazolala. Zikitoka mbili zikafika tano, mambo yameanza kushika, hata kama mdomo bado haujapoa. Macho ya njano, michubuko isiyo na sababu, kutapika kusikokoma au kuduwaa: hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, valproeti iepukwe, kwani huharibu maumbile na akili ya mtoto tumboni. Swali la mimba huulizwa kabla ya kidonge cha kwanza.